Mawe Yana Wenyewe

Kila ninapomwambia mtu wa mjini kwamba nakwenda Mbulu na Hanang kutembea kwa miguu na kuangalia makaburi ya kale na marundo ya mawe, jibu huwa ni lile lile: "Huko hakuna kitu." Nenda Kondoa, huniambia, ukaone michoro ya miambani. Nenda Engaruka ukaone magofu na mifereji. Nenda Kilwa ukaone msikiti. Lakini Mbulu na Hanang? Huko kuna kitunguu saumu, ngano, ng'ombe na baridi. Wako hata waliolisikia jina la Katesh kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuzika nyumba na watu.

Ningeweza kuyapuuza maneno hayo kama ningeyachukulia kuwa ni ujinga wa kawaida wa mtu asiyewahi kufika. Siyapuuzi, kwa sababu yamekwisha kufanya kazi. "Hakuna kitu" ndiyo sentensi iliyotangulia mbele ya trekta katika uwanda wa Basotu, na msomaji akinivumilia nitamweleza ilivyotangulia na yaliyoifuata.

Kwanza lakini niseme kilichopo, maana ubishi usio na ushahidi ni kelele tu. Atakayekuja huku akitafuta nguzo za mawe zilizosimamishwa kwa duara, kama zile za Stonehenge kule Uingereza, atarudi mikono mitupu. Mambo ya kale ya wilaya hizi hayajioneshi kwa mpita njia. Yako chini chini, yanataka jua la asubuhi au la jioni, lile linalolala, ndipo kivuli kikuoneshe kwamba mwinuko ule mbele yako si kichuguu. Juu ya mgongo wa kilima utakuta rundo la mawe, na mkulima wa Kiiraqw amelima pande zote akaliacha katikati ya mahindi kama kisiwa. Ni kaburi, au ni mawe yaliyokusanywa wakati shamba linafunguliwa? Kwa macho peke yake huwezi kujua. Itakubidi uvuke mfereji, ubishe hodi, upokee kiti, uulize. Mzee mmoja niliyemwuliza hivyo alinijibu kwa ufupi sana: "Baba aliliacha, nami nimeliacha." Hakuongeza neno, na sikuona haja ya kumshikilia.

Mahali pengine utakuta shimo pana lililojaa majani, limechimbwa ubavuni mwa mlima. Hapo palikuwa na nyumba. Wairaqw wa zamani walizichimba nyumba zao kuingia ardhini, paa likiwa sawasawa na mteremko, ili morani wa Kimasai waliokuja kuteka ng'ombe wapite juu bila kujua kwamba wanapita juu ya moto wa mtu na mifugo yake. Nyumba hiyo haina ukuta wa kupigia picha. Ina habari, kama utampata wa kukusimulia.

Na kama wasomi wanataka miaka, miaka ipo. Luxmanda ni kijiji cha uwanda huu huu wa juu wa Mbulu, upande ulio chini ya wilaya ya Babati. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa mambo ya kale, Watanzania kama Audax Mabulla na Agness Gidna pamoja na wenzao wa nje, wamechimba pale na kukuta makazi ya wafugaji ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vyungu, mawe ya kusagia. Vyungu hivyo ni vya mtindo unaojulikana katika makazi ya wafugaji wa kale wa Kenya, na hapajapatikana makazi makubwa ya namna hiyo kusini zaidi ya hapo. Wamekuta na maiti pia. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za mwanamke mmoja aliyezikwa Luxmanda yapata miaka 3,100 iliyopita. Chembe za urithi katika mifupa yake zilionesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya asili yake ilifungamana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na sehemu iliyobaki ni ya Afrika. Mama huyo aliishi hapa kabla ya Roma kujengwa. Wenzetu wa maabara za mbali wanamjua. Mwulize mwanafunzi wa sekondari pale Mbulu mjini kama amepata kumsikia.

Hapa ndipo ninapoachana hata na baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale, watu ninaowaheshimu. Wao wakisikia Luxmanda hufurahi, kwa sababu ni miaka 3,000. Wakisikia kaburi la mzee wa Kidatoga aliyezikwa wakati wa Mwingereza, hufunga daftari. Kwao umri ndio thamani: kadiri wafu wanavyokosa mtu wa kuwalilia, ndivyo wanavyostahili kutunzwa. Nasema hapana. Katika nchi hii la kale na la juzi limeshonwa kwa uzi mmoja, na ukikata upande mmoja umefumua wote.

Wadatoga, ambao Wabarabaigi wa Hanang ni kundi lao kubwa, wana namna yao ya kumzika mtu aliyeheshimika. Nawaita kwa jina lao wenyewe. Sisi Waswahili tumewazoesha jina la Mang'ati, ambalo ni neno la Kimasai lenye maana ya adui, na tunalitamka bila aibu mbele ya wenyewe. Kaburi lao la heshima huitwa bung'eda. Akifa mzee ambaye ukoo na majirani wamekubali kwamba anastahili, mazishi hayaishi siku ile. Sherehe huenda kwa hatua kwa muda wa miezi hata tisa, na kilima cha kaburi hupandishwa kwa miti, udongo na samadi mpaka kinapita kimo cha mtu, mara nyingine hata mita 3 na zaidi. Mwisho watu hukusanyika kwa mamia, pombe ya asali hunywewa, na kilima huachiwa mvua na jua. Kinashuka mwaka hadi mwaka. Mjukuu akija kukizuru kimekuwa kimo cha goti. Kitukuu hukuta mwinuko mdogo wenye nyasi ambao wewe na mimi tungeupita tukizungumza habari za bei ya mahindi. Yeye haupiti. Anajua ni nani, mtoto wa nani, wa ukoo gani, maana wanazikariri nasaba zao kwa vizazi vingi kwenda nyuma.

Mtaalamu wa Kimarekani, George Klima, aliyekaa nao, alichapisha kitabu juu yao mwaka 1970. Nautaja mwaka huo kwa makusudi. Kufikia mwaka 1970 dunia ya wasomi ilikuwa imekwisha andikiwa kwamba Wabarabaigi wapo, wana makaburi, na makaburi yao yana heshima hiyo. Asiseme mtu kwamba hapakuwa na wa kumwambia.

Ni karibu na wakati huo huo ngano ilipokuja. Shirika la serikali la NAFCO, likisaidiwa na fedha na wataalamu wa Kanada, lilifungua mashamba katika uwanda wa Basotu, moja baada ya jingine mpaka yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret, Gidagamowd. Kwa jumla yalichukua kiasi cha ekari 100,000. Ukiitazama ramani ya wilaya nzima utaambiwa kwamba ni sehemu ndogo. Hesabu hiyo ni ya mtu asiyefuga. Uwanda ule ulikuwa na malisho bora kuliko yote, yenye udongo mzito unaoshika maji, ambayo mifugo ilipelekwa kwa zamu ili kwingine kupumzike. Ukiondoa kipande hicho, umeharibu na kilichobaki, kwa kuwa ng'ombe waliokuwa wakipumzisha nyasi za mlimani sasa wanazikanyaga mwaka mzima.

Basi matrekta yakapita. Yakapita juu ya malisho, njia za ng'ombe, maboma ya watu, na yakapita juu ya bung'eda. Malalamiko ya wazee kuhusu makaburi kulimwa hayakuwa siri. Waliyasema mahakamani, waliyasema kwa waandishi, waliandika hata barua ya wazi kwa watu wa Kanada. Mtafiti Charles Lane aliyaandika kwa kirefu. Mwaka 1993 tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza uvunjaji wa haki za binadamu katika mashamba yale. Kwa hiyo simsimulii msomaji uvumi wa vilabuni.

Najua kitakachosemwa. Taifa lilihitaji mkate. Nami nakula mkate. Lakini hebu tupime. Kaburi moja, hata likiwa kubwa, halizidi chumba cha kulala. Mwendesha trekta aliyefunzwa kupinda plau mwisho wa mfuo angeweza kupinda na hapo. Mkulima wa Kiiraqw mwenye ekari tatu na njaa nyumbani anapinda kila msimu, kwa jembe la ng'ombe, na hakuna aliyempa semina. Shamba la maelfu ya ekari lilishindwaje? Halikushindwa. Halikuona. Na halikuona kwa sababu mtu fulani alikuwa amekwisha kuandika kwenye karatasi kwamba pale ni pori, yaani hakuna kitu.

Mbaya zaidi, sheria ilikuwepo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi mwaka 1969. Inaruhusu serikali kuhamisha kaburi kwa ajili ya shughuli ya umma, haikatai, lakini inataka itolewe taarifa kwanza, na inatambua gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na hata za matambiko yanayoambatana na jambo hilo. Soma hiyo halafu uitazame diski ya trekta. Sheria ile inamfikiria mtu aliyekufa kuwa na ndugu. Plau halifikirii hivyo.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu. Miongoni mwa sababu ilizotoa, moja hunisimamisha kila niisomapo: kwamba wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Siwalaumu majaji kwa kusoma sheria iliyoandikwa na mkoloni na kuachwa mezani. Ila nauliza, uthibitisho huo ulikuwa ukae wapi? Wabarabaigi hawakuwa na hati yenye muhuri. Hati yao ilikuwa uwandani, imejengwa kwa miti na samadi, ina jina la mzee na la baba yake na la babu yake, na kila mwenye macho na miguu angeweza kupelekwa kuiona. Wakati kesi inasikilizwa hati hiyo ilikuwa inaendelea kulimwa. Mshitakiwa alikuwa anaupindua ushahidi wa mdai, mfuo kwa mfuo, kisha anaulizwa mdai ushahidi wako uko wapi.

Hii ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kutembelea makaburi na marundo ya mawe ni starehe ya wastaafu na ya wazungu wenye viatu vizuri. Kumbukumbu ya mahali, huku kwetu, ni suala la nani aulizwe kabla ya jambo kufanyika. Mwaka 1987 tangazo la serikali lilifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vingi vya mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulizijumlisha Mbulu na Hanang (mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002). Ilimchukua mkulima kutoka Kambi ya Simba, huko Mbulumbulu, Lohay Akonaay na mwanawe, kuipeleka hoja hiyo mpaka juu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sawa, tulipiga hatua. Lakini haki ya kimila huoneshwa kwa nini, ikiwa dalili zote za mila zimekwisha kufutwa juu ya ardhi? Mdomo peke yake? Tumeona mdomo ulivyofika Mulbadaw.

Turudi kwenye sheria ya mambo ya kale, maana nayo ina lake. Sheria Namba 10 ya mwaka 1964 inalinda majengo, makaburi na kazi nyingine za mikono ya watu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863.  Kwa hiyo mama wa Luxmanda yuko salama, kwa karatasi walau. Mzee aliyejengewa bung'eda mwaka 1862 yuko salama. Mdogo wake aliyefuata miaka miwili baadaye ni juu yake mwenyewe. Ni kweli kwamba Waziri amepewa uwezo wa kutangaza mahali pengine kuwa pa kumbukumbu, lakini ili Waziri atangaze lazima mtu amwambie, na ili mtu amwambie lazima mtu awe amefika, na wanaofika huja na gari.

Gari ndilo tatizo langu la pili. Sina ugomvi na mgonjwa wala mzee asiyeweza kutembea. Ugomvi wangu ni na ziara hizi za siku moja zinazoanza kuingia huku kutoka upande wa watalii, ambapo mgeni hushushwa mahali, hupewa dakika kumi, huoneshwa "kaburi la Mang'ati", hupiga picha, na fedha huishia kwa dereva. Gari huenda inakokwenda barabara. Barabara zilichorwa na watu wa mashamba na wa maboma, zinapita yalipo mambo yao. Mtu wa miguu hufuata njia za ng'ombe na za kwenda kisimani, na hizo ndizo zilizochorwa na watu wa makaburi. Halafu kuna jambo dogo ambalo mwenye gari hawezi kulipata hata akilipa: mtu wa miguu hawezi kupita uani kwa watu bila kuamkia. Ukipanda kutoka Dareda kwenda Bashnet kwa miguu, mpaka ufike juu ya ukingo wa Bonde la Ufa umekwisha kusema shikamoo mara thelathini na kueleza unatoka wapi, unakwenda wapi na nani alikutuma. Unachoka kueleza. Lakini kila aliyekusikia ana nafasi ya kukuambia usipite hapo, au pita lakini usikanyage pale. Hiyo ndiyo ruhusa. Haitolewi kwa njia nyingine.

Nimepata kukatazwa. Karibu na ziwa Balangida kijana mchungaji alituambia mimi na mwenyeji wangu tuzunguke mbali, tusikaribie mahali alipotuonesha kwa fimbo. Mwenyeji wangu alimwuliza kwa heshima sababu, kijana akajibu, "Baba yangu angewaambia. Mimi siwezi." Tukazunguka, nusu saa zaidi juani. Sikuliona kaburi lile na sina la kueleza juu yake. Wako wenzangu wanaoona kwamba safari hiyo ilipotea bure.

Wa tatu katika orodha yangu ya wagomvi ni wachimba hazina. Msomaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa: ni wale wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia rupia na dhahabu, na kwamba kila rundo la mawe lisilo na mwenyewe ni alama yake. Wanakuja usiku na sururu, mara nyingine na mganga, mara nyingine na kifaa cha kulia kinachopita juu ya chuma. Asubuhi mawe yametawanyika na shimo liko wazi. Hawajapata kitu, kwani aliyezikwa pale hakuwa Mjerumani. Nimesikia watu wenye elimu wakiwacheka kwamba ni washamba. Mimi siwacheki. Wanasoma ardhi kwa kitabu kile kile cha aliyeandika "pori": mawe haya hayana mtu, kwa hiyo ni yangu nikiwahi. Tofauti ni ukubwa wa sururu.

Sasa niisikilize hoja iliyo nzito kweli, ambayo sikuisikia mjini bali huku huku. Mwalimu mmoja wa Kiiraqw aliniambia: "Wewe unataka kila kaburi liandikwe. Umefikiri litakalofuata? Sisi na Wadatoga tumegombana juu ya ardhi hii miaka mingi. Wairaqw tumeshuka kutoka Kainam, tumeenea, tumelima palipokuwa na ng'ombe wao. Ukiandika makaburi yao katikati ya mashamba yetu, kesho watakuja na ramani yako kutuondoa. Na Wadatoga nao waliondolewa Ngorongoro na Wamasai. Wakadai na huko?"

Ni kweli hayo yote. Wamasai waliwaondoa Wadatoga Ngorongoro katika karne ya 19. Marundo ya mawe yaliyomo ndani ya kreta, ambayo wazungu wameyachimba na Mary Leakey akaandika habari zake mwaka 1966, ni ya watu wa zamani zaidi ya hao wote wawili. Kila kabila la nchi hii limesimama juu ya makaburi ya wengine. Kama kaburi lingekuwa hati ya kumiliki kila kinachoonekana kutoka juu yake, tungechinjana.

Lakini sisemi hivyo. Nasema kaburi linampa mwenyewe haki ya kuulizwa, na haki ya njia. Mwiraqw abaki na shamba lake, aendelee kupinda jembe kama baba yake, na mjukuu wa Kidatoga apite mpaka wa mahindi aje aketi na mzee wake, asionekane mwizi. Hilo linafanyika tayari katika sehemu nyingi bila karatasi yoyote, kwa majirani kujuana. Ninachoogopa ni siku shamba litakapouzwa kwa mtu wa mbali asiyemjua jirani. Huyo atauliza karatasi. Na Wamasai wenyewe, ambao mwalimu yule aliwataja kama waporaji, wana desturi ambayo ingetufaa sote: palipozikwa laiboni, kila apitaye huongeza jiwe. Rundo linakua kwa heshima ya wapita njia. Mtu huhitaji kuwa wa ukoo ili uongeze.

Nikamwambia mwalimu kwamba kama ramani itachorwa na upande mmoja, hofu yake ni ya haki, nami nitasimama naye. Ichorwe na wote wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kukubali au kukataa mpango wa matumizi ya ardhi yake, na mipango hiyo inachorwa sasa, kijiji baada ya kijiji, wapimaji wakiwa na vifaa vya setilaiti vinavyoweza kuweka alama juu ya jiwe moja. Kinachokosekana ni mtu wa kusema, twende kwa miguu na wazee wa pande zote siku tatu kabla ya ramani kufungwa. Pale wazee watakapokataa kuonesha, pasioneshwe, paachwe kipande chenye upana wa kutosha kisichopangiwa kazi, bila maelezo. Kondoa imewezekana. Michoro ile iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na katika mwamba wa Mungumi wa Kolo watu wa pale wameendelea na matambiko yao mbele ya watalii na maofisa, si bila misuguano, lakini mwamba haukukoma kuwa wao.

Wapo watakaosema nimechelewa, uwanda wa Basotu umekwisha kulimwa miaka 50. NAFCO haipo tena, mashamba yamebadilisha mikono, na bung'eda nyingi haziwezi kurudishwa. Ni kweli haziwezi. Lakini wazee wanaozijua bado wapo wachache, na nimetembea na mmoja wao katika mabua ya ngano iliyovunwa, pasipo na mwinuko wala jiwe wala mti. Alikuwa akihesabu hatua kutoka kwenye ukingo wa korongo. Alisimama, akachomeka fimbo yake, akataja jina. Akaenda hatua mia na kitu, akasimama tena, akataja jingine. Majina sita kwa asubuhi moja. Nilimwuliza anajuaje, akaniangalia kama ninavyoweza kumwangalia mtu anayeniuliza ninajuaje mlango wa nyumba yangu.

Mwezi uliopita niliingia katika ofisi ya kijiji kimojawapo cha upande huo. Ramani mpya ya matumizi ya ardhi imebandikwa ukutani, imechapishwa kwa rangi, nzuri kabisa. Ina zahanati, shule, kisima, mnara wa simu, eneo la malisho, eneo la kilimo, na kona moja iliyopakwa kijivu yenye maandishi "makaburi", nyuma ya kanisa, ambako wameanza kuzika juzi juzi. Palipo na yale majina sita pamepakwa rangi ya njano. Mtendaji alinieleza kwamba ramani itapelekwa kwenye mkutano mkuu kabla ya mvua za masika. Yule mzee anaishi mwendo wa saa mbili kutoka ofisi ile, na hajaitwa.